Harry Thuku: Mfungwa wa Kismayu Aliyekufa Mkulima wa Kahawa

Sisi watu wa pwani tumekua na harufu ya kahawa. Sala ya alasiri ikiisha, muuzaji hupita mtaani na dele lake juu ya makaa, vikombe vikilia mkononi mwake, na kila aliyeketi barazani hujua kwamba wakati wa mazungumzo umewadia. Mtu hunywa kikombe kichungu, akatafuna kashata au tende mbili tatu, na habari za mji zikaanza. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaouliza buni ile imetoka shamba la nani, na mwenye shamba aliipataje ruhusa ya kuipanda.

Mimi nimekaa Thika miaka kadhaa kwa ajili ya kazi. Mji huu umelala baina ya mito miwili, Chania na Thika, takriban kilomita 40 kutoka Nairobi, na hapo zamani pande zake zote zilikuwa ni mibuni tu. Katika kuzunguka kwangu Ruiru, Gatundu na Kambui, na kuionja kahawa ya kila upande, nimeona kwamba maisha ya marehemu Harry Thuku hayasimuliki sawasawa bila ya kuitaja kahawa. Wengi wetu tunamjua kwa barabara ya Nairobi iliyopewa jina lake na kwa mistari michache ya vitabu vya shule. Leo napenda kumweleza kwa ukamilifu zaidi, maana kisa chake kinatuhusu sisi wanywaji.

KINYWAJI KILICHOPIGWA MARUFUKU

Kwanza tukumbuke asili ya kinywaji chenyewe. Neno kahawa tumelipata kwa Waarabu, na katika Kiarabu cha kale lilikuwa ni mojawapo ya majina ya mvinyo. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen waliianza desturi ya kunywa maji ya buni ili wakeshe katika dhikri na sala za usiku. Jina lililokuwa la kileo likahamia kwenye kinywaji cha kumwamsha mtu badala ya kumlewesha. Hata hivyo haikupita bila ugomvi. Mwaka 1511 liwali wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku kahawa na kuyafunga magenge ya wanywaji, kwa hoja kwamba yanafanana na vilabu vya ulevi. Amri yake haikudumu. Wakubwa wake wa Misri waliilegeza, na kahawa ikaenea hadi ikawa heshima ya mgeni katika kila nyumba ya Kiislamu.

Basi kama huko Makka aliyekatazwa alikuwa mnywaji, huku Kenya karne nne baadaye aliyekatazwa alikuwa mkulima. Mapadri Wafaransa walipanda mibuni Bura, nchi ya Wataita, mwaka 1893, kisha mwaka 1899 wakaipanda katika misheni yao ya St Austin's karibu na Nairobi. Kutoka hapo mbegu iliwafikia masetla. Waingereza na Makaburu walifungua mashamba makubwa Kiambu, Ruiru na Thika, na mwaka 1913 reli ikafika Thika. Mwafrika alitakiwa katika mashamba hayo kwa kazi mbili: kulima na kuchuma. Kupanda mbuni wake mwenyewe hakuruhusiwa, kwani leseni hazikutolewa kwake. Masetla walidai kwamba mashamba madogo yangeleta maradhi ya mimea na wizi wa buni. Yaliyokuwa moyoni mwao ni mengine: mtu mwenye kahawa yake nyumbani hawezi kulazimika kwenda kuchuma ya jirani kwa ujira mdogo.

MTOTO WA KAMBUI

Harry Thuku alizaliwa mwaka 1895 Mitahato, Kambui, katika vilima vilivyo upande wa magharibi wa Ruiru. Alisoma katika misheni ya Gospel Missionary Society iliyokuwa hapo Kambui, akajifunza kusoma na kuandika, akabatizwa jina la Harry. Bado kijana, alishuka Nairobi kutafuta kazi, akawa mtumwa wa barua katika benki. Hapo alipatikana na kosa la hundi ya kughushi, akafungwa miaka miwili. Silitaji jambo hili kwa kumvunjia heshima marehemu. Ni sehemu ya maisha yake, naye hakuwa malaika.

Alipotoka gerezani alipata kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti la Leader, lililokuwa likisomwa na masetla. Nafikiri hapa ndipo shule yake ya pili ilipokuwa. Kijana wa Kikuyu alizipanga kwa vidole vyake, herufi moja baada ya nyingine, fikira zote za watawala juu ya watu wake. Baadaye mwaka 1918 akawa karani wa simu katika Hazina ya serikali. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa kazi ya heshima, yenye mshahara ambao Waafrika wengi wa mji hawakuuota.

MWAKA WA 1921

Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, mizigo ilizidi mabegani mwa watu. Kipande kilianzishwa, na kila mwanamume Mwafrika akalazimika kukivaa shingoni katika kijaluba cha bati. Kodi ya nyumba ilipandishwa hadi shilingi 16. Tena mwaka 1921, bei za mazao ziliposhuka ulimwenguni na fedha ya rupia kubadilishwa kuwa shilingi, masetla walikubaliana kuwapunguzia vibarua wao ujira kwa theluthi nzima. Na juu ya yote hayo, wazee wa vijiji walikuwa wakiwatoa wanawake na wasichana kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya wazungu, na miongoni mwa kazi hizo ni kuchuma kahawa. Wengine walilala mbali na kwao, na yaliyowapata huko wazazi wao waliyajua.

Mwezi wa Juni mwaka ule Thuku na wenzake walianzisha chama cha vijana wa Kikuyu. Haukupita muda akaona jina lile ni dogo kwa dhuluma ile, kwani kipande hakikuvaliwa na Wakikuyu peke yao. Mwezi wa Julai chama kikawa East African Association, chenye watu wa makabila mbali mbali ya Nairobi, na Waislamu wa mitaa ya kale ya mji walikuwamo tangu mwanzo. Mmoja wao, Abdulla Tairara, alikuwa mkono wake wa karibu. Wahindi nao walisaidia. M. A. Desai, mwenye gazeti la East African Chronicle, aliwafungulia ofisi yake na mitambo yake, na Thuku akatoa karatasi yake ya habari iliyoitwa Tangazo. Aliiandika kwa Kiswahili. Msomaji wa gazeti hili na alikumbuke jambo hilo: lugha ya pwani ndiyo iliyobeba malalamiko ya bara yalipoanza kuandikwa.

Thuku akawapita machifu na mapadri, akapeleka simu yake moja kwa moja London. Akazunguka Kiambu, Murang'a na Nyeri akiwaambia watu wasikubali binti zao kuchukuliwa, na kwamba vipande virundikwe na kurudishwa kwa serikali. Maelfu walimfuata. Machifu wakaogopa, serikali ikamwachisha kazi ya Hazina, na tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa.

DAMU MBELE YA HOTELI

Asubuhi ya tarehe 16 Machi watu elfu kadhaa walikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi alimofungiwa, karibu na hoteli ya Norfolk. Walisali, wakangoja. Wajumbe wao waliporudi kutoka kwa wakubwa bila ya jibu la maana na kuwaomba watu watawanyike, mwanamke mmoja jina lake Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume kwa woga wao, akafanya ishara ambayo kwa mila za Wakikuyu ni fedheha isiyofutika kwa mwanamume. Umati ukasogea mbele. Askari wakafyatua risasi, na inasimuliwa kwamba masetla waliokuwa kwenye baraza ya hoteli walizitoa bunduki zao, wakapiga pia. Serikali ilihesabu maiti 21. Waliokuwapo walisema walikuwa wengi zaidi sana. Muthoni alikuwa miongoni mwa waliokufa. Barabara iliyopita hapo ndiyo leo inayoitwa Harry Thuku.

Kodi ilipunguzwa mwaka ule ule hadi shilingi 12, na suala la kuwalazimisha wasichana likafika kwa wakubwa wa Uingereza. Lakini Thuku mwenyewe hakuyaona, kwani hakushitakiwa wala hakuhukumiwa. Alipakiwa, akapelekwa kwetu.

MIAKA YA UGENINI

Nasema kwetu kwa sababu Kismayu wakati ule ilikuwa chini ya serikali ya Kenya. Huko ndiko kijana wa miaka 27 aliyezoea ukungu wa Kambui alikotupwa, kwenye jua, mchanga na upepo wa kusi, katika mji wa Waislamu ambao kahawa yake ni ya kikombe kidogo. Mwaka 1925 Waingereza walipowapa Waitalia nchi ya Jubaland, mfungwa wao ilibidi ahamishwe. Alipitishwa Lamu na Witu, kisha akapandishwa Marsabit, mlima wa kijani katikati ya jangwa la kaskazini. Alikaa huko hadi mwaka 1930 ulipokuwa ukingoni. Mwaka 1931 alikuwa tena kwao.

Karibu miaka tisa ilikuwa imepita. Aliondoka akiwa jina linaloimbwa na wanawake wakiwa kazini, akarudi kukuta siasa imepata wenyewe. Mwaka 1932 alichaguliwa rais wa Kikuyu Central Association, chama kilichokuwa kikiomba, pamoja na mambo ya ardhi, Mwafrika aruhusiwe kupanda kahawa. Haukupita muda wakagombana. Mwaka 1935 akatoka na kuunda chake, Kikuyu Provincial Association, kilichoahidi kufuata sheria na kutii serikali. Mwaka 1944 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa chama kilichokuja kuwa Kenya African Union, lakini hapo pia hakukawia. Na vita vya Mau Mau vilipoanza mwaka 1952, alisimama upande wa wanaovipinga, akasema hivyo hadharani na katika redio.

Kwa hiyo wako wanaomwita baba wa siasa ya Kenya, na wako wanaomwita mtu aliyegeuka. Nimewasikia wazee wa Kambui wakibishana juu yake kana kwamba alikuwa mkutanoni jana. Mimi si mtu wa kumhukumu. Nionavyo, Marsabit ilimfundisha kwamba serikali haisukumwi kwa kifua, na fundisho hilo alilishika hata pale wakati ulipokuwa umelipita. Mtu aliyeona watu 21 na zaidi wakiuawa kwa ajili ya jina lake ana haki ya kuogopa damu. Waliopoteza ndugu katika msitu nao wana haki ya kumlaumu.

MBUNI ULIOPANDWA KWA RUHUSA

Jambo ambalo hakuligeuka ni ardhi na kinachopandwa juu yake. Serikali ilianza kulegeza katazo la kahawa katikati ya miaka ya 1930, lakini kwa wachache, tena mbali na mashamba ya wazungu: Kisii, Embu na Meru. Hata huko mkulima alihesabiwa miti yake, mia moja ikiwa ni kikomo kwa wengi, na mkaguzi aliweza kuamuru ing'olewe. Watu wa Kiambu, waliokuwa wameichuma kahawa kwa mikono yao tangu utotoni, waliachwa nyuma kwa sababu walikuwa majirani wa masetla. Ilibidi miaka ya 1950 ifike, na mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954, ndipo mlango ukafunguka.

Thuku akaingia humo kwa nguvu zote. Aliyekuwa mpanga herufi na mfungwa akawa mkulima wa kahawa, na mkulima hodari. Mwaka 1959 akawa Mwafrika wa kwanza kuketi katika bodi ya Kenya Planters Coffee Union, chama cha wakulima wa kahawa kilichokuwa mikononi mwa masetla. Mwaka ule ule wa 1959 Elspeth Huxley, binti wa setla, alichapisha London kitabu chake mashuhuri juu ya mibuni ambayo wazazi wake walikuja kuipanda Thika kabla ya vita vya kwanza. Hivyo mwaka mmoja ulitupa kumbukumbu ya mashamba ya zamani na mtu wa kwanza kukalia kiti cha wenye mashamba hayo. Harry Thuku alifariki mwezi Juni 1970, akiwa na umri wa miaka 75, mkulima.

LADHA YA KILA KILIMA

Sasa niseme kidogo juu ya kahawa yenyewe, kwani wengi wanaofika Thika huiona mibuni kama majani mengine. Wafaransa na wazungu wengine husifu vinywaji vyao vya zabibu kwa jina la kijiji na mteremko. Mambo hayo hayatuhusu, lakini elimu ya ulimi ni moja, na katika kahawa sisi tunaweza kuitumia kwa halali. Mkulima mdogo wa Kambui au Gatundu huchuma tunda likiwa jekundu barabara, akalifikisha kiwandani siku ile ile. Hapo humenywa kwa mashine, buni zikalazwa katika birika zichachuke hadi ute wake uachie, zikaoshwa kwa maji ya mto, kisha zikaanikwa juu ya vitanda vya nyavu na kugeuzwa kwa mikono siku baada ya siku. Akichuma bichi, au akichelewesha, kila kitu huharibika. Zile zinazokaushwa na ganda lake huitwa mbuni, nazo huuzwa kwa bei ya chini.

Waonjaji nimewaona wakifanya kazi. Vikombe hupangwa mezani, kila kimoja na jina la kiwanda chake. Mwonjaji hunusa, huchota kwa kijiko, huvuta kwa kishindo mpaka mtu mgeni acheke, kisha hutema. Hutaja uchachu, uzito, na ladha inayobaki mdomoni. Nilipojaribu mimi niliyezoea tangawizi na iliki, kikombe cha kwanza kilinishangaza: kilikuwa kikali kama ukwaju na kitamu nyuma yake kama tunda bivu. Cha pili, kutoka kiwanda kingine katika nchi ile ile ya vilima, kilikuwa kizito na cha upole. Udongo ni mwekundu ule ule. Tofauti ni kimo cha mlima, maji, mbegu, na mikono ya watu.

Mbegu nazo zina historia. SL28 na SL34, zinazopendwa na wanunuzi wa ulimwengu, zilichaguliwa katika maabara ya Scott huko Kabete katika miaka ya 1930. Na Ruiru, mwendo mfupi kutoka kwao Thuku, kuna kituo cha utafiti wa kahawa ambacho mwaka 1985 kilitoa aina iliyopewa jina la mji huo, Ruiru 11, yenye kustahimili maradhi ya buni na kutu ya majani.

WANAOLIMA NA WASIOKUNYWA

Lakini liko jambo linalonisikitisha. Nyumba nyingi za wakulima nilizokaribishwa, nimepewa chai. Kahawa yao huenda Mombasa, hupita mbele ya milango yetu, hupanda meli, na sehemu ndogo tu ndiyo hunywewa Kenya. Mkulima hulipwa kwa kucheleweshwa na kwa kukatwa, naye hajui ladha ya alichokipanda. Katika msimu wa 1987/88 nchi ilivuna karibu tani 130,000. Siku hizi mavuno hayafiki nusu ya hayo. Kando ya barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Thika, iliyopanuliwa na kukamilika mwaka 2012, mashamba makubwa ya Ruiru na Juja yamekatwa viwanja, na mahali pa mibuni pameota majumba. Juu vilimani mkulima mdogo hung'oa miti yake apande parachichi, au amuuzie ardhi mwenye kujenga.

Sithubutu kumlaumu. Hesabu za tumbo hazingoji historia. Ila ni ajabu kwamba mti ambao baba zao walikatazwa kuupanda, ambao binti zao walikokotwa kwenda kuuchumia wengine, na ambao mtu wa kijiji chao aliuingia baada ya kuonja Kismayu na Marsabit, sasa unaondoka bila ya mtu kuuondoa kwa amri.

Sisi wanywaji tuna la kufanya, dogo lakini la maana. Pwani ndiyo nchi ya Kenya inayojua kunywa kahawa kwa adabu, tangu enzi za majahazi. Muuzaji wa dele akinunua buni nzuri ya vyama vya wakulima wa Kambui, Gatundu na vilima vya Chania, na mnywaji akajua jina la kilima na akakubali kulipa senti kidogo zaidi, soko hilo litakuwa la kwetu wenyewe, halitangoja bei ya London wala New York. Thuku alitaka mkulima aitwe mwenye mali yake. Kumjua kwa jina lake huyo anayetupandia ni mwanzo mzuri.